Kuchopeka Herufi: Uga wa Maandishi na Tahajia ya Kiswahili kwa Mfano wa Jina la Kirongwe

Jina la Kirongwe, kata iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mafia, lina herufi nane. Kwa kompyuta, herufi nane zina nafasi tisa: moja kabla ya K, moja baada ya e, na saba zilizo baina ya herufi na herufi. Karani akiandika kwa haraka "Kirogwe", hana haja ya kulifuta neno zima. Hukipeleka kistari kinachowakawaka kwenye nafasi iliyo kati ya o na g, akabonyeza n, na herufi tatu za mwisho zikasogea kulia kumpisha mgeni. Tendo hilo huisha upesi kuliko chafya.

Historia ya tendo hilo inastahili kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu lugha hii imeandikwa kwa hati mbili. Uga wa maandishi, yaani kile kisanduku cheupe ambamo mtumiaji hutia jina lake, anwani yake au neno analolitafuta, ulibuniwa na watu waliokuwa wakiifikiria hati moja. Jina la Kirongwe linafaa kulipima jambo hili. Kwa herufi za Kirumi halina utata. Kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumiwa na waandishi wa pwani kabla ya utawala wa Kijerumani, ile n iliyosahauliwa na karani aghalabu haikuandikwa kabisa, wala hapakuwa na aliyeona kuwa imesahauliwa.

Kabla ya kompyuta, kuongeza herufi katikati ya neno kulikuwa kazi ya kalamu, na kalamu ilikuwa na ustahimilivu. Mwandishi aliyeruka neno aliliandika juu ya mstari au pambizoni, akaweka alama mahali lilipostahili kuwa. Msomaji aliuona upungufu na marekebisho yake kwa pamoja. Taipureta iliuondoa ustahimilivu huo. Katika mashine hiyo kila herufi ina upana wake juu ya karatasi, na herufi ikishagongwa haisogei. Aliyeandika "Nimeandika barua" kisha akataka isomeke "Nimeiandika barua" alihitaji nafasi ya herufi moja ambayo haikuwapo. Ilimbidi afute na kugonga upya mstari mzima, au auache kama ulivyo.

Mfano huo wa kitenzi una uzito wake. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na mengi ambayo lugha nyingine huyasema kwa neno la pembeni, Kiswahili huyasema kwa silabi iliyopenyezwa tumboni mwa neno. Nafsi, wakati, ukanushi, yambwa, urejeshi: vyote vina vyumba vyao kabla ya mzizi. "Aliyeandika" huwa "aliyeiandika". "Alisoma" huwa "alipokisoma". Mtu anayeuhariri mswada wa Kiswahili huingia ndani ya maneno mara nyingi. Kwa hiyo, chombo kinachoruhusu kutia herufi popote bila kuvunja kilichopo kinaafikiana na sarufi ya lugha hii kwa namna ambayo wabunifu wake hawakuikusudia.

Wabunifu hao walikuwa na shida zao wenyewe. Kompyuta za kwanza zenye kuhariri maandishi zilimtaka mtumiaji atangaze kwanza kuwa anataka kutia herufi, na ndipo aziandike. Katika vi, programu iliyoandikwa na Bill Joy huko Berkeley, California, mwaka 1976, na ambayo wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wanakutana nayo hata leo, ufunguo wa i hauandiki i mpaka mtumiaji awe amekwisha kuingia katika hali ya kutia maandishi. Akisahau yumo katika hali gani, herufi alizodhani ni maneno hugeuka amri. Wazee wa taaluma hiyo hukisimulia kisa cha Bravo, programu ya maabara ya Xerox PARC ya mwaka 1974: mtu akiandika neno la Kiingereza lenye maana ya kuhariri, edit, akiwa katika hali isiyo sahihi, e ilichagua waraka mzima, d ikaufuta, i ikafungua hali ya kutia, na t ikabaki peke yake katika ukurasa mtupu.

Larry Tesler, aliyeishi kati ya 1945 na 2020, aliuchukia mtindo huo maisha yake yote. Yeye na Tim Mott waliitengeneza Gypsy katika maabara hiyohiyo, kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya vitabu ya Ginn. Mhariri wa vitabu alibonyeza baina ya herufi mbili, akaanza kuandika, na herufi zikaingia hapo. Hapakuwa na haja ya kutangaza lolote. Mtindo huo ulienea duniani hasa kupitia Macintosh ya mwaka 1984, na leo umezoeleka kiasi kwamba mtumiaji wa simu hafikirii kuwa uliwahi kubuniwa na mtu.

Hatua iliyofuata ni ya mafundi wa programu. Fundi wa milango hafui bawaba, huzinunua. Vivyo hivyo, waandaaji wa programu walianza kujiwekea mikusanyo ya zana yenye vitufe, menyu, madirisha na nyuga zilizokwisha kutengenezwa. John Ousterhout, naye wa Berkeley, alianza lugha ya Tcl mwaka 1988, kisha akaiongezea mkusanyo wa zana uitwao Tk, ambao baadaye ulipata makao pia ndani ya lugha ya Python. Katika Tk, amri ya kutia maandishi katika uga huhitaji mambo matatu: jina la uga, namba ya nafasi, na herufi zinazotiwa. Hesabu huanzia sifuri. Katika "Kirogwe", K iko 0, i iko 1, r iko 2, o iko 3 na g iko 4. Anayeamuru n itiwe katika nafasi ya 4 humaanisha itiwe mara tu kabla ya g, na jina hukamilika. Programu yenyewe ikitaka kutia maandishi pale kilipo kistari, au mwishoni mwa yaliyopo, ina maneno maalumu ya kusemea hivyo.

Lipo jambo dogo ambalo huwatesa wanagenzi. Uga wa Tk uliofungwa, ili mtumiaji asiubadili, haupokei herufi hata kutoka kwa programu iliyoufunga. Amri hutolewa, hapatokei kosa, na uga hubaki kama ulivyokuwa. Mwenye nyumba amejifungia nje kwa ufunguo wake mwenyewe, wala mlango haumwambii.

Je, tendo hili liitweje kwa Kiswahili? Swali hilo lilikuwa la nadharia mpaka Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoanzisha, pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46, mradi wa Kilinux. Matunda yake ya kwanza, Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, yaliweka menyu za Kiswahili mbele ya mtumiaji. Miaka michache baadaye Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Kwa tendo la kukata na kunakili, lugha ilikuwa na maneno tayari, na kubandika lilikuja lenyewe kutoka kwenye ubao wa matangazo. Tendo la kutia halikuwa jepesi hivyo. Katika programu mbalimbali msomaji hukutana na ingiza, weka na chomeka, na wakati mwingine mawili kati ya hayo katika programu moja.

Maneno hayo hayalingani. Kuweka ni kutua kitu mahali, na hakusemi kama mahali pale palikuwa na kitu kingine. Kuingiza kunamfaa mtu anayepeleka mzigo ghalani. Chomeka lina ncha: hutumika kwa kisu kiunoni na kwa mti ardhini, na linaonyesha kitu kilichosimama imara ndani ya kingine. Pachika huleta picha ya mshale uliowekwa katika uzi wa upinde. Bora kuliko yote, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni chopeka, na wanaisimu wamekwisha kulichagua bila kuwauliza watu wa kompyuta: katika fonolojia ya Kiswahili, uchopekaji ni kuingia kwa sauti mahali ambapo haikuwapo, kama i inayowatenganisha k na l katika kilabu. Kilichochopekwa huwafanya jirani zake wasogee nao hubaki wazima. Ndivyo n inavyofanya katika "Kirogwe". Inasikitisha kidogo kuwa istilahi iliyokomaa darasani haikuvuka uwanja mmoja tu wa chuo hadi kwa waliokuwa wakitafsiri menyu.

Uga unapopokea herufi haupokei kila kitu. Mikusanyo ya zana humpa mwandaaji nafasi ya kuweka bawabu mlangoni. Katika GTK, iliyotokana na programu ya picha ya GIMP ya Spencer Kimball na Peter Mattis, ambao nao walikuwa wanafunzi wa Berkeley, uga hutoa ishara kabla herufi haijaingia, na programu inaweza kuizuia. Tk ina utaratibu wake wa kufanana na huo. Bawabu hufaa pale ambapo panatakiwa tarakimu tupu. Akiwekwa kwenye uga wa jina na mtu anayeamini kuwa majina yana A hadi Z na basi, huigeukia lugha.

Kwa Kiswahili, anayezuiwa mara kwa mara ni ritifaa. Tahajia sanifu huitumia kutofautisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Kwa bawabu wa namna ile, ritifaa ni alama ya kunukuu na haina haki ya kukaa ndani ya jina. Mahali pengine huachwa kuingia, kisha huharibu mambo ndani, maana katika lugha ya SQL, inayotumika kuziuliza hifadhidata, alama hiyohiyo hufunga maneno. Programu iliyoandikwa bila uangalifu hudhani Chang'ombe imekwisha baada ya Chang. Hata inapopita salama, haijulikani imeingia kwa sura gani. Kibodi hutoa ritifaa iliyonyooka. Programu za kuandikia huipinda bila kuulizwa. Na Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ina alama ya tatu ambayo hasa ni herufi. Kwa jicho la msomaji, zote tatu ni moja. Kwa mashine inayotafuta jina katika rejesta, ni majina matatu.

Hadi hapa, herufi zilizozungumzwa ni za Kirumi, na tabu zake ni za kawaida. Tabu kubwa iko katika hati ya kwanza. Mafia iliingia chini ya Wajerumani kwa mkataba wa Heligoland wa 1890, ikatekwa na Waingereza Januari 1915. Utawala huo wa Kijerumani ulianza kwa kupokea barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu, na C. G. Büttner akachapisha mkusanyo wa maandishi ya aina hiyo huko Berlin mwaka 1892, kisha shule za serikali na magazeti kama Kiongozi la Tanga, lililoanza mwaka 1904, yakazisukuma mbele herufi za Kirumi. Mahakamani na ofisini hati ya Kiarabu ilipungua nguvu. Katika vyuo vya Kurani, na katika masanduku ya familia za pwani pamoja na barua na hati za mauzo, ilidumu.

Jina la Kirongwe katika hati hiyo ya kale huanza kwa kafu yenye kasira, ikafuatiwa na re yenye dhuma, ghaini, na wau yenye kasira, pengine na ye ya kuifunga. Kasira ilisimama kwa i na kwa e. Dhuma ilisimama kwa u na kwa o. Ghaini iliibeba g, gh, ng na ng', kwa kuwa sauti ya nazali iliyotangulia konsonanti haikuwa desturi kuiandika. Kwa hesabu ya kawaida, irabu tatu zenye njia mbili kila moja, na konsonanti moja yenye njia nne, zinatoa namna 32 za kusoma. Aliyezaliwa Mafia alisoma moja. Mwandishi alimwandikia mtu anayekijua kijiji, na hati iliwatosha wote wawili.

Wapo waliotaka hati hiyo iseme yote yenyewe. Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua walitumia alama za ziada. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alipendekeza herufi za nyongeza, na Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl waliurudia mjadala huo katika makala ya mwaka 1997. Kwa kanuni za namna hiyo, nuni inaweza kuchopekwa kabla ya ghaini, na jina likapata n yake.

Lakini hebu fikiria kinachotokea katika uga. Re haiungani na herufi inayoifuata, kwa hiyo katika maandishi ya kale ghaini ilikaa kwa umbo la mwanzo. Nuni ikiingia, yenyewe ndiyo inayochukua umbo la mwanzo, na ghaini hugeuka ya katikati. Katika herufi za Kirumi majirani walisogea tu. Hapa jirani amebadili umbo. Aidha, nafasi ya sifuri iko kulia. Mkusanyo wa zana usiojua hayo huzipanga herufi kutoka kushoto, zikiwa zimetengana kama mbegu, na neno halisomeki na mtu yeyote. GTK 2.0, ya mwaka 2002, ilikuja na sehemu iitwayo Pango iliyoshughulikia kuunganisha herufi na kuzipanga kutoka kulia kwenda kushoto. Ilikabili pia swali ambalo mwandishi wa kalamu hakuwahi kuulizwa. Uga ukiwa na jina la Kiarabu na neno la Kirumi kwa pamoja, mahali pa mpaka pana nafasi moja katika kumbukumbu ya kompyuta na nafasi mbili machoni. Herufi ya Kiarabu itakayoandikwa itatokea upande mmoja, ya Kirumi upande wa pili. GTK ililijibu hilo kwa kuweza kuonyesha vistari viwili.

Jambo hili lina gharama kwa anayeiandika historia ya Mafia. Maelezo ya Kadhi Amur Omar Saadi kuhusu historia na mapokeo ya kisiwa hicho yalichapishwa mwaka 1941 katika Tanganyika Notes and Records, na wasomi wengi huyajua kwa Kiingereza hicho tu. Miswada iliyokusanywa na J. W. T. Allen, ambayo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliorodheshwa katika katalogi iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, nayo kwa herufi za Kirumi. Kila jina lililovushwa kutoka hati moja kwenda nyingine lilipita mikononi mwa mtu aliyechagua njia moja kati ya nyingi. Alipokuwa na kalamu, aliweza kuacha alama ya kuuliza pambizoni. Uga wa katalogi ya kompyuta hauna pambizo. Hupokea "Kirongwe" au "Kirogwe", na ukishapokea, shaka ya mwandikaji haimo tena; mtafiti wa kesho ataliona jina lililonyooka kama lililochapwa na mwenye uhakika.

Hali hiyo inahusu pia sehemu ambazo hazina miswada. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kukusanywa kwa vishikwambi, na kwa Mafia pia makarani walitia majibu katika nyuga badala ya dodoso za karatasi. Urahisi wake haukanushiki. Hata hivyo, karatasi ya zamani ilihifadhi mkono wa karani, pamoja na herufi aliyoikata na aliyoiandika juu yake. Uga huhifadhi neno la mwisho.

Kuna njia ya kulipunguza tatizo, na imekwisha kujaribiwa. Kevin Donnelly alitengeneza zana ziitwazo Andika!, zinazoyachukua maandishi ya Kiswahili sanifu na kuyatoa kwa herufi za Kiarabu, na kuyarudisha, kwa kuzingatia namna ambazo herufi hizo zimetumiwa. Kwa katalogi, hilo huwezesha nyuga mbili kuwekwa sambamba: ya kwanza kwa herufi zilizo katika mswada, bila kuongezwa nuni ambayo mwandishi hakuiweka, ya pili kwa usomaji wa aliyeorodhesha. Kwa waraka wa Mafia, uga wa kwanza ungebaki na ghaini yake tupu, na wa pili ungekuwa na n katika nafasi ya 4. Anayetafuta angelipata jina kwa njia zote mbili, na angeweza kuona kuwa n hiyo ilitiwa na nani.